Bustani ya Nyumbani: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Tungule za Mwanzo wa Msimu

Tangu mvua za kwanza zilipoanguka, barua nyingi zinazofika katika meza hii zinahusu zao moja, nalo ni nyanya, au tungule kama wengi wetu wa pwani tunavyoziita. Nimechagua sita. Majina ya waandishi nimeyaacha nikataja mahali wanapoishi tu, kwa kuwa udongo wa Barani, Malindi, si udongo wa Langoni, Lamu, na jibu linalomfaa mmoja huenda likamharibia mwingine.

Swali, kutoka Barani, Malindi

Bwana Shamba, salamu alaikum. Mimi ni mama wa nyumbani na nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, hatua kumi kwa sita. Mvua ya kupandia imeanza, na majirani wamekwisha kutia mahindi na kunde. Nina pakiti ya mbegu za tungule na ningependa niwahi. Je, nizitie ardhini sasa hivi pamoja na mahindi? Mwaka jana nilifanya hivyo nikapata majani mazuri mno, lakini matunda hayakujaza hata sahani moja.

Jibu

Wa alaikum salamu, mama. Nakuomba uiweke pakiti hiyo mahali pakavu, usiifungue mpaka katikati ya Mei. Najua si jambo jepesi kuwatazama majirani wakipanda nawe umekaa, lakini mahindi na kunde hufuata mvua, na tungule haifuati mvua. Asili yake ni magharibi mwa Amerika ya Kusini, na hata baada ya kuzunguka dunia nzima bado inataka siku za jua na usiku wa ubaridi. Ua lake hufunga tunda vizuri joto la usiku linapokuwa kati ya nyuzi 15 na 20 za selsiasi. Usiku ukikaa juu ya nyuzi 24 kwa siku nyingi mfululizo, chavua hudhoofika, na ua hukauka kwenye kikonyo chake na kuanguka. Hapa Malindi usiku wa Machi na wa mwanzo wa Aprili joto huwa karibu nyuzi 25, kwa hiyo hatuwezi kuupata ule ubaridi kamili ambao mmea unautaka. Tunaloweza ni kuusogeza wakati wa maua hadi miezi ya Julai na Agosti, pepo za kusi zinapokuwa zimetulia katika majira yake na usiku umepungua joto kwa nyuzi mbili tatu. Nyuzi hizo mbili tatu ndizo zinazotenganisha sahani moja na ndoo nzima.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Tungule huanza kuvunwa baada ya siku 70 hadi 90 tangu kuatikwa, yaani kuhamishwa kutoka kitaluni, ikitegemea aina, na mche hukaa kitaluni wiki nne hivi kwa joto letu. Ukisia mbegu kitaluni katika wiki ya pili au ya tatu ya Mei, utaatika katikati ya Juni mvua kubwa zikiwa zimepungua, maua yataanza Julai, na mavuno yatakuwa kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba, kabla ya joto kurudi.

Kuhusu mwaka jana, nadhani mvua ndiyo iliyokufanyia ubaya. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu, na mmea uliosiwa Aprili hukutana nayo ukiwa mchanga. Matone mazito hurusha udongo juu ya majani ya chini, na udongo huo hubeba ukungu wa ugonjwa wa baka jani, ule unaoacha madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara. Chavua iliyolowa hushikana, haidondoki vizuri ndani ya ua. Na ukiwa umeweka samadi nyingi, mmea wenye maji na mbolea hauna sababu ya kuharakisha kuzaa, bali huendelea kutoa majani, ndiyo maana uliyaona yamependeza. Mimi mwenyewe, miaka kadhaa iliyopita, niliatika miche sitini katika wiki ya kwanza ya Mei huko Msabaha, na kufikia katikati ya Juni nilibakiwa na kumi na moja. Tangu hapo mvua za mwaka, yaani za masika, naziachia mahindi.

Hata hivyo Aprili yako si ya kukaa bure. Inua matuta ya urefu wa kiganja, yaani sentimita 20 hivi, ili maji yasituame kwenye mizizi. Tandaza juu yake samadi iliyooza kabisa, kisha ifunike kwa majani makavu ili mvua isiisukume yote chini, kwa maana mchanga wetu haushiki kitu. Mstari na mstari uache sentimita 75 hadi 90, na mche na mche sentimita 50. Kiwanja chako kitachukua mimea isiyopungua hamsini bila kubanana, nayo ni mingi kwa familia moja. Ikiwa pakiti yako ni ya Cal J, Rio Grande au Roma, hizo ni aina fupi ambazo huzaa kwa pamoja na hazihitaji kupogolewa sana. Ikiwa ni Money Maker, tayarisha miti mirefu, kwa sababu huendelea kupanda juu hadi ichoke.

Swali, kutoka Mambrui

Bwana Shamba, kila mwaka miche yangu huota vizuri, ikafikia majani mawili, halafu asubuhi moja nikaikuta imelala chini kana kwamba imekatwa kwa wembe. Nimetafuta mdudu nisimwone. Nifanye nini?

Jibu

Ndugu yangu, humwoni mdudu kwa sababu hayupo. Ukiutazama mche huo pale unapogusa ardhi, utaona shina limekuwa jembamba, jeusi na laini. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaoletwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi udongoni, ambavyo hushamiri panapokuwa na mambo matatu kwa pamoja: udongo uliolowa mfululizo, miche iliyosongamana, na hewa isiyopita. Kitalu cha msimu wa mvua kina yote matatu.

Usitumie tena udongo wa kitalu cha mwaka jana. Chukua udongo mpya kutoka mahali pasipowahi kupandwa tungule, mbilingani wala pilipili, uchanganye na mchanga mzito na mbolea iliyooza, kisha uumwagie maji yanayochemka, polepole, mpaka joto lifike chini. Acha upoe na ukauke kidogo kwa siku mbili tatu. Sia kwa mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, mbegu isizidi sentimita moja chini, na miche ikiota ipunguze ili kila mmoja upate nafasi ya vidole viwili. Watu wengi huona huruma kung'oa mche mzima, na huruma hiyo huiua yote.

Juu ya kitalu weka kipaa cha makuti, kirefu cha kutosha wewe kuinama na kutazama chini yake, kwani kikiwa kifupi mno hewa haipiti. Mwagilia asubuhi tu, na usimwagilie tena mpaka uso wa udongo uonekane mkavu. Miche ikifika majani manne, anza kuondoa kuti moja kila siku mbili, ili izoee jua. Siku saba kabla ya kuatika, punguza maji. Mche mfupi, mnene, wenye shina la rangi ya zambarau kidogo, hushika ardhi mara moja, ilhali ule mrefu wa kijani kibichi hulala mchana wa kwanza na mara nyingi hauamki. Atika jioni, na uuzamishe mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa shina la tungule likifukiwa hutoa mizizi mingine.

Swali, kutoka Langoni, Lamu

Sabalkheri Bwana Shamba. Sisi watu wa mjini Lamu hatuna shamba, lakini nyumba yetu ina sakafu ya juu iliyo wazi, na mume wangu amenikubalia niweke ndoo za tungule. Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo, twayatumia kuogea tu. Mbolea nyepesi kupatikana ni ya punda. Je, inawezekana, au nisijisumbue?

Jibu

Sabalkheri, dada yangu. Inawezekana sana, na pengine tungule zako zitakuwa na afya kuliko za shambani, kwa sababu udongo utakaoutia kwenye ndoo utauchagua mwenyewe. Swali lako lina mambo manne ndani yake, na maji ndiyo mazito kuliko yote.

Tungule iliyokomaa huvumilia chumvi kiasi, lakini mche mchanga hauvumilii. Chumvi huuzuia mzizi kunywa hata ndoo ikiwa imelowa, na dalili yake ni ncha za majani kukauka na kuungua. Ubaya wa ndoo ni kwamba chumvi haina pa kwenda: maji hupaa kwa jua, chumvi hubaki, na baada ya wiki kadhaa utaona ukoko mweupe juu ya udongo. Kwa hiyo masika haya yafanye kuwa msimu wa kukusanya maji. Wazee wa Pate na Faza walijenga majabia ya kuhifadhi mvua kwa sababu hiyo hiyo ya uchache wa maji matamu, nawe utafanya jabia lako kwa mapipa. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya sakafu ya mita moja ya mraba hutoa lita 10. Sakafu ya mita 40 za mraba, mvua moja ya namna hiyo, ni lita 400. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo ukinge, na pipa ulifunike kwa kitambaa kizito ili mbu wasizaliane humo.

Tungule moja katika ndoo ya lita 20, ikiwa kubwa na upepo unavuma, hunywa kama lita mbili kwa siku. Ndoo sita kwa siku 90 ni lita 1,080, na sidhani utapata mapipa ya kuyahifadhi yote. Yagawe basi. Kitaluni, na mpaka tunda la kwanza lifikie ukubwa wa kunde, tumia maji ya mvua peke yake. Baada ya hapo changanya nusu kwa nusu na ya kisima. Kila mvua inaponyesha, iache ndoo ipitiwe na maji mpaka yatoke chini kwa wingi, kwa kuwa hapo ndipo chumvi inaposafishwa. Hii ina maana kwamba matundu ya chini yawe mengi, matano au sita, na ndoo ikae juu ya vipande vya mawe badala ya kugusa sakafu. Maji ya bomba yanayotoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela ni matamu, lakini ni ya kunywa watu wa mji mzima, na mimi singependa kumshauri mtu kuyanyweshea bustani wakati mbingu zimefunguka.

Kuhusu mbolea ya punda, usiitie mbichi. Punda hatafuni tena chakula chake kama ng'ombe, hivyo mbegu za majani hupita tumboni mwake zikiwa nzima, na utaotesha magugu kuliko tungule. Lundika kinyesi pamoja na majani makavu, kilowe kama kitambaa kilichokamuliwa, ukigeuze kila baada ya wiki mbili. Lundo litapata moto ndani, na moto huo ndio unaoua mbegu. Baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa jeusi, lisilonuka, na hutajua lilikuwa nini. Ukianza leo litakuwa tayari katikati ya Juni, wakati ule ule wa kuatika. Changanya mafungu mawili ya udongo, fungu moja la mbolea hiyo, na fungu moja la usumba wa nazi, ambao hushika maji kama sifongo. Lakini uliza usumba umetoka wapi: makumbi ya kusukia kamba huzikwa ufukoni miezi mingi mpaka yalainike, na usumba wake umejaa chumvi. Uloweke katika maji ya mvua na kuukamua mara tatu kabla ya kuutumia.

Lililobaki ni upepo na uzito. Ndoo iliyojaa udongo wenye maji hufikia kilo 25 au zaidi, basi zipange kando ya kuta, wala usizirundike katikati ya sakafu. Na kwa kuwa kusi hutoka kusini-mashariki na hubeba umande wa bahari, ziweke nyuma ya ukuta wa upande huo. Funga gunia kuzunguka kila ndoo ili jua lisiunguze mizizi. Maua yakichanua, gonga shina taratibu kwa kidole saa nne asubuhi, umande ukishakauka, kwa sababu chavua ya tungule hutoka kwa mtikisiko, na katika pembe iliyokingwa upepo hakuna wa kuutikisa mmea isipokuwa wewe.

Swali, kutoka Ganda

Mwaka uliopita tungule zangu zilikuwa zimebeba matunda. Ghafla zikaanza kunyauka mchana na kuinuka usiku, na baada ya siku nne zikafa zikiwa bado kijani. Nilizimwagilia zaidi, haikusaidia. Je, naweza kupanda pale pale?

Jibu

Usipande pale, ndugu yangu, na nasema hivi kwa masikitiko kwa sababu najua mtu huwa ametia nguvu zake katika matuta yake. Mmea unaokufa ukiwa kijani, bila majani kugeuka manjano kwanza, kwa kawaida umepatwa na mnyauko wa bakteria. Ikikutokea tena, fanya jaribio hili: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya gilasi ya maji safi bila kukitikisa, na utazame kwa dakika tano. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukiteremka kutoka kwenye ule mkato, ni bakteria. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya, hata ukiambiwa dukani kwamba ipo.

Bakteria hao hukaa udongoni miaka mingi, na hupenda ndugu wote wa tungule: mbilingani, pilipili, viazi ulaya, na mnavu pia. Mahali hapo panda mahindi au mtama kwa misimu isiyopungua mitatu. Mimea iliyokufa ing'oe pamoja na mizizi, uichome, na jembe ulilotumia ulioshe kabla ya kuligusisha upande mwingine. Usiyaache maji ya mvua yatiririke kutoka huko kuelekea kwenye matuta mapya, bali chimba mfereji mdogo uyageuze. Na kuhusu kule kumwagilia zaidi ulikofanya: mmea ulionyauka juu ya udongo wenye unyevu hauna kiu, na maji ya ziada humsaidia adui.

Ukikuta mizizi ina vinundu kama shanga, hilo ni jambo lingine, ni minyoo fundo, ambayo hupenda mchanga wetu. Hao hawaui kwa siku nne, lakini huudumaza mmea. Pakiti yenye herufi N baada ya jina la mbegu imetengenezewa ustahimilivu dhidi yao.

Swali, kutoka Watamu

Je, naweza kuchukua mbegu kutoka kwenye tungule nzuri niliyoinunua sokoni?

Jibu

Waweza, lakini hujui mama yake wala baba yake. Nyingi za sokoni leo ni chotara, zile ambazo pakiti zake huandikwa F1, na mbegu za chotara hazirudishi sifa za tunda ulilolila. Nunua pakiti moja ya Cal J au Money Maker msimu huu, na msimu ujao utatunza mbegu za mmea wako bora mwenyewe: zikamue, ziache ndani ya juisi yake siku mbili mpaka ule utelezi utoke, zioshe, uzianike kivulini.

Swali, kutoka Gede

Bwana Shamba, tungule zangu huoza kitako zikiwa bado mbichi, zinakuwa na doa jeusi lililobonyea. Nimeambiwa ni ukosefu wa chokaa, nami nimekuwa nikiweka majivu kila wiki, lakini sasa hata majani ya juu yamegeuka manjano. Nimekosea wapi?

Jibu

Aliyekuambia hakukosea kabisa, mama, ila ushauri wake ni wa bara, kwenye udongo mwekundu wenye uchachu. Kitako huoza kwa sababu chokaa haikufika kwenye ncha ya tunda, hilo ni kweli. Lakini ardhi ya Gede imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe yenyewe ni chokaa. Chokaa unayo. Kinachokosekana ni maji ya kuibeba, kwa sababu chokaa husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na siku tatu za ukame zikifuatwa na ndoo mbili za ghafla huikata safari hiyo. Tunda, likiwa mwisho wa njia, ndilo linalonyimwa.

Majivu nayo huongeza ule ule ukali wa chokaa, mpaka mizizi ikashindwa kuchukua madini ya chuma, na jani jipya la juu likatoka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Acha majivu leo. Weka mbolea iliyooza viganja viwili kwa kila shina, uifunike kwa matandazo ya majani makavu au makuti ya zamani yenye unene wa vidole vinne, lakini yasigusane na shina. Mwagilia kiasi kile kile kila asubuhi, chini na si juu ya majani. Matunda yaliyokwisha kuoza yatoe, kwa maana hayatapona na yananyonya maji. Yatakayofungwa baada ya wiki mbili za utaratibu huo yatazame kitako yakiwa na ukubwa wa ndimu, kwa sababu doa likiwa linakuja huonekana hapo.